Vifurushi Sita na Kadi ya Njano

Miaka ile ya tisini, mashirika ya ndege ya watu binafsi yalipoanza kuja Mwanza, mimi nilikuwa nakaa nyuma ya kaunta ya wakala wa tiketi katikati ya mji, na nilijiona mtu mkubwa kuliko nilivyokuwa. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, nilivaa sketi iliyopigwa pasi mpaka ikakaribia kusimama yenyewe, na saa za ndege zote za Dar es Salaam na Nairobi nilizijua kwa kichwa. Kazi yangu kubwa mwaka ule ilikuwa kuwashawishi abiria wachague kitu tulichokiita Ukaguzi wa Mapema.

Nieleze kilikuwa nini, maana leo watu wamezoea mashine. Uwanja wetu wakati huo haukuwa na mashine ya kukagua mizigo. Ulikuwa na meza mbili ndefu na wakaguzi wawili. Kila abiria alipanga foleni, akafungua begi lake mbele za watu, na mkaguzi akatumbukiza mikono mpaka chini. Ndipo shirika moja changa likabuni njia yake. Abiria analeta mzigo ofisini kwetu siku moja kabla ya safari, mkaguzi anaukagua kwa utulivu katika chumba cha nyuma, anaufunga kwa waya mwembamba uliobanwa kwa sili ya madini ya risasi, na abiria anapewa kadi ya njano. Kesho yake anafika uwanjani, anaonyesha kadi, anapita mlango mdogo wa kushoto na kwenda zake kunywa soda, huku wenzake wamesimama na nguo zao za ndani mezani.

Waliochagua njia hiyo walikuwa watu wa viwanda vya minofu ya samaki, watu wa dhahabu, na wakubwa wa serikali ambao hata kabla ya kadi hawakuwa wakipanga foleni yoyote. Nilipenda kuwaandika. Nilipenda sauti ya muhuri ukigonga kadi. Nilikuwa nimeanza kuamini kwamba dunia ina watu wa aina mbili, wa mlango mdogo na wa meza ndefu, na kwamba kwa juhudi kidogo ningeweza kuihamisha familia yangu nzima kutoka meza ndefu kwenda mlango mdogo. Familia yangu, kwa wakati ule, haikuwa na habari.

Baba yangu alikuwa fundi cherehani Igoma. Alikuja Mwanza akiwa kijana kutoka Majita, akashona sare za shule, gauni za harusi na mashuka ya hospitali, na hata mitumba ilipojaa sokoni na mafundi wengi wakaacha kazi, yeye alibaki kwenye kibaraza chake akipunguza na kupanua nguo za Wazungu zisizowaenea Wasukuma. Alikuwa mtu mpole wa kuchosha. Mimi nilirithi hasira za bibi mzaa baba, na jina lake pia, ndiyo maana baba aliniita mama tangu nikiwa mtoto.

Kisha macho yakaanza kuziba. Ilikuwa mtoto wa jicho, macho yote mawili, la kulia likitangulia. Tulijua mambo yameharibika siku alipomshonea mwalimu mmoja suruali yenye mguu mmoja mfupi kuliko mwingine. Mwalimu aliipokea, akashukuru, akaivaa mwaka mzima bila kusema neno, na mtaa mzima ukamwona akipita nayo kila asubuhi bila mtu yeyote kumwambia baba. Huo ndio mtaa tuliokuwa nao.

Daktari wa macho wa hapa alitupatia nafasi ya upasuaji Dar es Salaam, kwenye hospitali moja kubwa ambako madaktari wageni walikuwa wanakuja kwa wiki mbili tu. Barua ilisema wazi: mgonjwa afike wodini Jumanne kabla ya saa kumi jioni. Asipofika, nafasi anapewa mwingine, na wageni wale hakuna aliyejua watarudi lini. Ofisi ilinipa tiketi moja ya mfanyakazi kwa ajili ya mzazi, ndege ya Jumanne saa nne asubuhi. Ruhusa ya kwenda naye sikupata. Mama alikuwa Majita akimuuguza bibi. Dar hatukuwa na ndugu wa karibu, kwa hiyo nilipanga na dereva wa ofisi yetu ya kule ampokee baba, amfikishe wodini, na awe anapita kumwangalia akipata nafasi. Nilimweleza baba mpango wote huo kwa haraka, mambo ya kwanza, ya pili na ya tatu, akaitikia kila moja. Alikuwa hajawahi kupanda ndege na hajawahi kulala hospitali. Kama alikuwa na la kuuliza, hakuuliza.

Basi habari zikaenea Igoma kwamba fundi anakwenda Dar.

Kwetu habari ya safari haiishii masikioni. Mtu akijua unakwenda mahali ambapo mtoto wake yuko, anakuja na kitu. Haombi hasa, anakuja tu, anaamkia, anakaa, anasifia mvua, na akiondoka unakuta kuna mfuko mlangoni. Jumamosi ile nilikuta baba ameshapokea sita. Palikuwa na dagaa wa jirani wa kushoto kwa ajili ya mwanawe askari. Palikuwa na samli kwenye kopo la kahawa, michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, ya mwanafunzi wa chuo, sweta la mtoto ambaye hata hakuwa amezaliwa, na mizizi ya dawa ya tumbo iliyofungwa kwenye gazeti. Cha sita kilikuwa jiwe.

“Baba, hili ni jiwe,” nikamwambia.

“La kusagia karanga,” akasema. “La binti wa yule mama muuza karanga pale stendi. Mama yake anasema Dar hawana mawe.”

“Dar kuna mashine za kusaga, baba.”

“Nilimwambia. Akasema mashine haijui karanga.”

Vyote hivyo alivikatia vitambaa vya marekani na kuvishonea, kila kifurushi na gamba lake, kwa mkono, mshono mdogo mdogo ambao hata mchwa asingeupenya. Hakuuona mshono wenyewe. Aliushona kwa vidole. Na kwa kuwa asingeweza kusoma majina, aliweka mafundo ya uzi kwenye pembe: fundo moja ni dagaa, mawili samli, na kuendelea hadi jiwe lenye mafundo sita. Alinifundisha mpangilio ule kwa furaha niliyokuwa sijaiona kwake kwa miezi, na mimi nikawa nasikiliza nusu huku nikiwaza kilo.

Jumatatu alikuja ofisini na begi kubwa la mistari, lile la shangazi kaja, limejaa vifurushi, na sanduku lake dogo la nguo. Nilimkalisha kwenye kiti cha wateja wazuri. Nilitaka wenzangu waone. Nikatoa fomu ya Ukaguzi wa Mapema nikaanza kumsomea kwa sauti kwa sababu macho yake yalikuwa hayaoni maandishi. Jina, umri, uzito wa mzigo, akajibu yote vizuri. Nikafika mstari wa mwisho, ambao nilikuwa nimeshausoma mara mia kadhaa bila kuusikia: Nathibitisha kwamba vitu vyote vilivyomo ni vyangu mwenyewe na kwamba sijabeba kitu cha mtu mwingine.

“Rudia hapo,” baba akasema.

Nikarudia.

“Hapo sitaweza kusaini, mama.”

“Baba, ni maneno tu ya fomu.”

“Yanasema sijabeba kitu cha mtu. Nimebeba vya watu sita.”

“Kila mtu anasaini.”

Baba alikuwa hajibu kitu mpaka akizungushe. “Na hao wote wanasafiri na vitu vyao peke yao?”

“Ndiyo.”

“Wanakwenda Dar, watu wanajua wanakwenda, na hakuna anayewapa kitu?”

“Ndiyo, baba.”

“Maskini,” akasema, na alikuwa hatanii. Aliwahurumia kweli wale watu wa minofu na wa dhahabu.

Nikamwambia basi vifurushi vibaki, nitavituma kwa treni na mtu ninayemfahamu. Akasema alishawaahidi wenyewe kwamba atavifikisha kwa mkono wake. Nikamwambia foleni ya uwanjani ni ndefu, goti lake bovu, na wakifunga kaunta ndege haimsubiri mtu. Akasema atawahi mapema. Nyuma yake mteja alikuwa anakohoa kikohozi cha kuniharakisha, na mwenzangu wa kaunta ya pili alikuwa ameinamisha uso kwenye vitabu vya tiketi, mabega yakimtetemeka kwa kicheko. Nilikasirika mpaka masikio yakapata moto. Nikamwambia baba aache sanduku la nguo, nitalileta mimi asubuhi, yeye aende na vifurushi vyake.

Alipoondoka nilifanya jambo ambalo mpaka leo sijalisimulia ofisini. Nilipeleka sanduku chumba cha nyuma likakaguliwa na kufungwa sili. Kisha nikachukua kalamu, nikamwekea baba saini. Nilikuwa nimeiona saini yake kwenye ripoti zangu za shule miaka kumi na minne, sikuhitaji kufikiria. Nikapiga muhuri mwenyewe, kadi ya njano nikaiweka kwenye mkoba wangu. Nilijiambia ni kwa ajili ya macho yake, na hilo lilikuwa kweli. Lakini pia nilitaka nishinde.

Asubuhi tulifika uwanjani mapema kama alivyoahidi, na tulikuta foleni imeshatoka nje ya jengo. Ndege ilikuwa imejaa. Baba alisimama miongoni mwa watu wa mwisho mwisho akiwa na koti lake la kanisani, begi la mistari miguuni, mkono mmoja umeshika mkanda wa begi na mwingine umenishika kiwiko. Sanduku la nguo nilikuwa nimelishika mimi. Kila foleni ilipokwenda hatua moja, alilisukuma begi kwa mguu, taratibu, kwa sababu ya jiwe. Mlango mdogo wa kushoto ulikuwa wazi. Watu wa kadi walikuja wawili wawili, wakanisalimia, wakapita.

Ilipofika saa tatu na nusu, mbele yetu bado walikuwa watu kama kumi na mmoja, na kati yao mama mmoja aliyekuwa na mabegi matatu na maelezo marefu. Nikaona wazi kabisa hatutawahi. Nikatoa kadi.

“Baba, chukua hii. Pita pale kushoto na sanduku lako. Vifurushi nitavirudisha Igoma mimi mwenyewe, nitawaeleza.”

Akaipapasa kadi. “Imetoka wapi?”

“Nimekuandikia.”

“Na saini?”

Nikautazama mlango wa kushoto.

“Umeandika kwamba sijabeba kitu cha mtu.”

“Nimeandika, baba. Nimeandika ili ukapate macho.”

Akanirudishia kadi mkononi, akavikunja vidole vyangu juu yake kwa upole, kama mtu anayemrudishia mtoto senti yake. “Huyo uliyemwandikia simjui,” akasema. “Mimi nitabaki hapa.”

Hapo ndipo nilipopandisha hasira. Sikupiga kelele, kwa kuwa wafanyakazi wenzangu walikuwa karibu, lakini nilisema nimeuma meno. Nilimwambia kwamba atarudi Igoma kipofu, na siku hiyo hao wenye dagaa na mawe hatamwona hata mmoja wao akija kumshika mkono kumpeleka chooni. Itakuwa mimi. Watu waliokuwa mbele yetu walisikia. Baba aligeuza uso kunielekea, na yale macho yenye ukungu yakatafuta uso wangu yakaukosa kidogo, yakatulia kwenye sikio. Kama angenipiga kofi ningeshukuru.

Foleni ikaenda. Mama wa mabegi matatu akapita. Watu waliobaki walikuwa na mizigo midogo, wakapita haraka, na ghafla tulikuwa mezani mbele ya mkaguzi, mama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kifuani.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu.”

“Mzigo umefunga mwenyewe?”

“Nimeshona mwenyewe.”

“Kuna kitu cha mtu mwingine humu?”

“Vyote ni vya watu,” baba akasema.

Mkaguzi akamtazama, akanitazama mimi na sare yangu, akalitazama begi. “Tufungue, mzee.”

Baba akatoa mfukoni kipande cha wembe kilichofungwa kwenye karatasi, akakipapasa kifurushi cha kwanza, akaupata mshono, akaufyeka kwa mara moja bila kugusa kitambaa. “Fundo moja. Dagaa, wa askari.” Harufu ikatoka kuthibitisha. Akafungua cha pili. “Samli, ya mtu wa bandarini.” Kila kimoja alikitaja, ni cha nani, kinakwenda kwa nani, na mwenyewe anaendeleaje. Mkaguzi alianza akiwa na haraka, ila kufikia sweta la mtoto ambaye hajazaliwa alikuwa anauliza ujauzito una miezi mingapi. Watu wa nyuma walikuwa wamesogea kuona. Sikusikia aliyenung'unika, na mimi niliyekuwa nimejiandaa kugombana na wote nikabaki na hasira ambazo sina wa kumpa.

Jiwe likatoka mwisho. Mkaguzi akaligeuza mara tatu.

“Hili?”

“La kusagia karanga. Mama yake anasema Dar hawana mawe.”

“Ni kweli hawana,” akasema mzee mmoja nyuma yetu. “Nimekaa kule miaka sita. Ni mchanga mtupu.” Na wengine wawili wakathibitisha, wakianza kueleza kule wanasagia nini, mpaka karani wa ndege akatokea mlangoni akitangaza kwamba anafunga.

“Haya mzee, nenda,” mkaguzi akasema, akivirundika vifurushi begini. “Wembe utabaki kwangu.”

Lakini baba hakwenda. Alikuwa anatafuta kitu kwenye kola ya koti, na akachomoa sindano yenye uzi mrefu. “Siwezi kuwapelekea vikiwa wazi,” akasema. “Mtu akipokea kitu kimefunguliwa atasema nimeonja.”

Nilitamani kulia. Barua ya daktari ilikuwa mfukoni mwake, ndege ilikuwa imewasha injini, macho yake yote mawili yalikuwa yanasubiri ng'ambo ya mlango ule, na yeye alikuwa anaogopa kuonekana ameonja dagaa. Mkaguzi alivua miwani. Akaitazama ile sindano, akamtazama mzee mwenyewe, na nadhani alimkumbuka mtu wake fulani.

“Sindano nenda nayo,” akasema. “Ukashone humo ndani.”

Yule mzee aliyekaa Dar miaka sita akalibeba begi upande mmoja, baba akashika upande mwingine, wakaenda mbio za wazee kuelekea kwenye ndege. Mimi nilimkabidhi karani sanduku la nguo, kisha nikakimbilia kwenye uzio wa waya. Nilimwona akipanda ngazi akiipapasa kila moja kwa kiatu. Juu kabisa akageuka kuaga. Alipunga mkono kwa muda mrefu, kwa moyo wote, akielekea upande wa matanki ya mafuta, ambako sikuwepo. Nilikimbia kwenda upande ule ili nipokee ile salamu, lakini nilipofika alikuwa ameshaingia.

Nililia pale kwenye uzio bila kujali sare.

Siku zile nne zilizofuata nilikuwa napiga simu ofisi ya Dar kila siku kumuulizia yule dereva. Jumanne jioni alisema amemfikisha saa tisa, salama, na kwamba mzee ameshona njia nzima, aliyekaa naye akimtungia uzi kwenye sindano, na aliteremka na vifurushi sita vilivyofungwa. Jumatano alisema wamemfanyia upasuaji, jicho la kulia kwanza, amefungwa bandeji macho yote. Alhamisi alisema, “Dada, sina haja ya kwenda tena. Mzee wako ana wageni mpaka nesi amelalamika.”

Wageni gani, nikauliza. Wenye vifurushi, akasema. Walikuwa wamepata barua au salamu kutoka Igoma kwamba mzigo wao uko hospitali fulani, wodi ya macho, kwa fundi. Wakaja kuchukua. Na ukienda kwa mgonjwa kuchukua samli huwezi kuichukua ukaondoka. Unakaa. Kesho unarudi na uji. Askari alirudi na chungwa, akamnyoa ndevu. Mwanafunzi wa chuo alimsomea gazeti zima mpaka matangazo ya vifo. Baba, akiwa amefungwa macho, alikuwa anawatambua kwa sauti, akiwaambia nani anaongea kama baba yake na nani anacheka kama shangazi yake.

Alirudi Mwanza baada ya wiki mbili na jicho moja zima. La pili lilikuja kutengenezwa baadaye, madaktari hapahapa kanda ya ziwa walipoanza kufanya upasuaji huo. Mambo ya saini hatukuyazungumza. Alishona, nikaenda kazini, nikaendelea kuandika kadi za njano ingawa mstari wa mwisho nilianza kuusoma kwa sauti ya chini.

Krismasi ya mwaka ule binti wa jiwe alikuja kumsalimia mama yake, na akapita kwetu. Alikuwa na umri kama wangu, alifanya kazi ya hoteli. Baba alikuwa nje kwenye cherehani, sisi tuko ndani tunachambua mchele, na yeye akaanza kunisimulia. Barua yake ilichelewa, kwa hiyo alikuwa wa mwisho kufika, asubuhi ya Ijumaa, kabla wageni wengine hawajaruhusiwa, kwa sababu alitoka zamu ya usiku alfajiri akambembeleza nesi. Akakuta ndiyo wanamfungua bandeji. Nesi akamwambia asimame karibu kwa kuwa mgonjwa anahitaji kitu cha kutazama. Baba akafumbua jicho, akamwona yeye. Akamtazama mpaka binti wa watu akaona haya. Kisha akamshika mkono, mkono wa mtu ambaye alikuwa hajawahi kumwona maishani, akamwambia, “Usiondoke kwanza. Nimeogopa sana siku hizi zote.”

Aliendelea kunisimulia mengine, lakini sikuyasikia. Niliona wivu, wivu wa kweli, wa kumwonea mtu aliyeleta habari njema. Ule uso wa kwanza ulipaswa kuwa wangu. Na kama mambo yangekwenda nilivyoyapanga mimi, kwa kadi na sili, asingeuona uso wa mtu yeyote anayemjua mtu yeyote wa Igoma. Angemwona nesi, na ukuta.

Mgeni alipoondoka nilitoka kibarazani. Baba alikuwa anapinda upindo wa sketi, kichwa amekiinamisha upande wa jicho zima. Nilisimama karibu na cherehani mpaka akaacha kukanyaga.

“Baba, kule Dar uliogopa?”

Akanyoosha kitambaa kwa kiganja. “Sana.”

“Na hapa, kabla hujaondoka?”

“Hapa ndiyo zaidi. Nilikuwa silali.”

“Mbona hukuniambia?”

Akaniangalia, sasa bila kuukosa uso wangu, na hapakuwa na lawama hata kidogo katika sauti yake.

“Ulikuwa na haraka, mama,” akasema.

Nikavuta kigoda nikakaa.